Deni, Hila na Dhamana: Swali la Kodi kwa Mwenye Nyumba ya Kupangisha

Swali la iwapo Mwislamu mwenye nyumba ya kupangisha iliyowekwa rehani anaweza kuipanga mali yake ili alipe kodi ndogo, na bado akawa salama mbele ya Mola wake, kwa kawaida huachiwa wahasibu, kana kwamba ni suala la kujumlisha na kutoa tu. Ndani yake, hata hivyo, mna masuala mawili makongwe ya fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu. La kwanza ni riba, ziada anayotozwa mdaiwa juu ya mkopo wake. La pili ni hila, ambayo kwa mafakihi si ulaghai wa wazi, bali ni njia iliyo halali kwa umbo lake, ambayo mtu huipitia makusudi ili afikie jambo alilokatazwa au aepukane na wajibu uliokuwa ukimjia. Masuala haya hukutana katika nyumba ya rehani kwa namna isiyoonekana kwingineko, kwa sababu sheria ya kodi humpunguzia mzigo mtu kwa ajili ya riba ileile ambayo dini yake inamwambia asiiguse.

Kisiwa cha Juani, ambacho pamoja na Chole na Jibondo kimelala kusini-mashariki mwa kisiwa kikuu cha Mafia, kinafaa kulipima swali hili, ingawa nyumba za kupangisha zilizopo huko ni chache mno. Magofu ya Kua, yenye jumba la watawala, misikiti na nyumba za mawe na chokaa, yanaonyesha kwamba watu wa hapo walijua kwa karne nyingi maana ya kufungia mali ndani ya kuta, mpaka mji huo ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na wakazi wake wengi kuuawa au kuchukuliwa mateka. Wakazi wa leo wanafuata kwa wingi madhehebu ya Imamu Shafii, na wanaishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambamo kuchimba matumbawe kwa ajili ya mawe na chokaa ya kujengea ni marufuku. Ardhi ya kijiji, inayosimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, humilikiwa kimila, na benki haiipokei kwa wepesi uleule wa kupokea hati ya kiwanja kilichopimwa mjini. Kwa hiyo mzaliwa wa Juani anayetaka nyumba ya kumwingizia pango hutazama Kilindoni, au huvuka bahari hadi Mbagala na vitongoji vingine vya Dar es Salaam, na huko ndiko anakokutana na benki, mpangaji na Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa mpigo mmoja.

Msingi wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 katika jambo hili si mgumu. Anayepangisha kama biashara hutozwa kodi juu ya kinachobaki baada ya kuondoa gharama zilizotumika kuyapata mapato hayo, na riba ya mkopo uliotumika kununua au kujenga nyumba yenyewe huhesabiwa miongoni mwa gharama, ilhali marejesho ya mkopo wa asili hayahesabiwi, kwa kuwa hayo ni mtu kurudisha kile alichopewa. Kuna pia kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla fedha haijamfikia mwenyewe: katika hali zinazotajwa na sheria, mpangaji hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka serikalini, na pale sheria inapoichukulia kodi hiyo kuwa ya mwisho, hesabu ya gharama haifunguliwi tena na riba haimsaidii mwenye nyumba hata kidogo. Jambo moja linafaa kuwekwa wazi mapema, kwa kuwa linasahauliwa na wanaosifu deni kuwa ni akili ya matajiri. Mtu aliyefika kwenye kiwango cha juu cha asilimia 30, akilipa benki riba ya shilingi 1,000,000, hupunguziwa kodi ya shilingi 300,000, na zile 700,000 zilizobaki zimemtoka bila kurudi. Anayekopa kwa sababu tu riba hupunguza kodi amekubali kupoteza saba ili aokoe tatu.

Mataifa hayakubaliani juu ya jambo hili, na kutokubaliana kwao kunafundisha. Kenya, katika utaratibu wa kodi ya pango la makazi ulioanza mwaka 2016, hutoza asilimia ya pango zima, ambayo ilikuwa 10 na kushushwa kuwa 7.5 kuanzia Januari 2024, pasipo kuruhusu gharama yoyote kuondolewa, riba ikiwamo. Kwa hiyo mwenye nyumba isiyo na deni na mwenye nyumba iliyoelemewa na deni hulipa sawa mradi mapango yao ni sawa. Uingereza, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ikimwondolea mwenye nyumba riba yote, ilibana nafuu hiyo hatua kwa hatua kati ya 2017 na 2020 hadi ikabaki punguzo la asilimia 20 tu, na wamiliki wengi wakaanza kuhamishia nyumba zao kwenye kampuni, ambazo hazikuguswa na badiliko hilo. Ni wazi basi kwamba serikali haitoi hukumu ya maadili juu ya riba. Huichukulia kama gharama pale sera yake inapoona inafaa, na huipuuza pale inapoona haifai. Anayesema kwamba kitu ni halali kwa kuwa sheria ya kodi imekitambua ameegemea ukuta uliojengwa kwa kazi nyingine.

Fikihi ya Kishafii nayo inalitazama deni kwa jicho lililo kinyume kabisa. Katika kauli ya Imamu Shafii inayotegemewa, deni halimzuilii mtu wajibu wa zaka: mwenye mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na iliyokaa kwake mwaka mzima, huitolea zaka hata kama anadaiwa sawa na mali yote hiyo. Jengo lenyewe la kupangisha, kwa wanazuoni wengi wa zamani, halitolewi zaka; kinachotolewa ni pango lililohifadhiwa hadi likatimiza nisabu na mwaka. Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake kikubwa juu ya zaka kilichotoka mwaka 1969, aliona kwamba hukumu hiyo inamwacha mwenye majumba akiwa mwepesi kuliko mkulima, akapendekeza pango lilinganishwe na mazao ya shamba: sehemu moja ya kumi baada ya kuondoa gharama, au nusu yake bila kuziondoa. Katika Mafia mlinganisho huo una kasoro ya kufurahisha, kwa maana nazi, ambayo imekuwa uti wa mali ya kisiwa, haimo miongoni mwa mazao ambayo Mashafii huyawajibishia zaka ya mavuno, kwani wao huishia kwenye vyakula vikuu vinavyowekwa ghalani pamoja na tende na zabibu. Mwenye minazi mia hakuwahi kudaiwa sehemu ya kumi na mwalimu wake wa dini. Itakuwa ajabu kidogo kumweleza kwamba chumba cha kupangisha ndicho kifanane na shamba.

Ilivyo, mtu mmoja hubeba madaftari mawili. Katika daftari la serikali deni lake linampunguzia mzigo, na katika daftari la zaka halimpunguzii kitu, na zaidi ya hapo mkataba uliozalisha deni hilo, ukiwa wa riba, ni dhambi kwa kauli ya wanazuoni wote wanaotegemewa katika madhehebu yake. Hapa ndipo hila inapobisha hodi, kwa sababu kuna njia nyingi za kuufanya mkataba usiitwe mkopo.

Pwani hii ina historia ndefu ya njia hizo. Rehani yenyewe haina tatizo kwa asili: ni mali inayoshikwa na mkopeshaji ili ajiaminishe, na kwa Mashafii manufaa yake hubaki kwa mwenyewe, ili mkopo usimzalie mkopeshaji faida iliyojificha. Lakini mkopeshaji asiye na faida ni adimu sokoni. Unguja na Pemba, katika zama za mashamba makubwa ya mikarafuu, ulienea mkataba uitwao bei khiyar, yaani mauzo yenye haki ya kurejesha: mwenye shamba alimuuzia tajiri shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda fulani atarejeshewa, kisha palepale akalikodi kutoka kwa yule aliyemuuzia na kuendelea kulilima kama jana. Kwenye karatasi hapakuwa na mkopo wala riba, bali mnunuzi, mpangaji na pango. Kwa hakika pango lile lilikuwa riba, na shamba lilikuwa rehani, na alipochelewa kulipa mwenye shamba alijikuta mgeni katika ardhi ya babu zake. Madeni ya wenye mashamba yalizidi hata serikali ya Unguja ikatunga mwaka 1934 amri za kuzuia ardhi isihamishwe kirahisi na kuwadhibiti wakopeshaji, na mvutano uliofuata kati ya serikali na wafanyabiashara wa Kihindi uliitikisa biashara ya karafuu kwa miaka kadhaa.

Mkataba ule ulikuwa na kasoro gani, ikiwa kila sehemu yake, ikitazamwa peke yake, ilikuwa halali? Wanazuoni hawakulijibu kwa sauti moja. Imamu Shafii aliuhukumu mkataba kwa dhahiri yake: nguzo zikitimia umeswihi, na nia mbaya ya aliyeufunga ni hesabu yake na Mungu, isiyotosha kwa kadhi kuubatilisha, na kwa msingi huo Mashafii waliisahihisha hata bidhaa inayouzwa kwa mkopo kisha kununuliwa tena na muuzaji kwa fedha taslimu pungufu, japo walilichukia jambo lenyewe. Ibn Qayyim, wa madhehebu ya Hambali katika karne ya 14, aliandika kurasa nyingi kupinga msimamo huu, akisema kwamba sheria iliyowekwa kwa makusudio haiwezi kuvunjwa kwa maneno. Al-Ghazali, aliyekuwa Mshafii, alikaa mahali pa pekee kati yao: alisimulia habari ya kadhi mmoja mashuhuri wa Baghdad aliyekuwa akimpa mkewe mali yake mwisho wa mwaka na kuipokea tena kwake ili zaka isimpate yeyote kati yao, akasema kwamba hiyo ni fikihi ya dunia, sahihi kwa mtoza zaka na yenye madhara makubwa kwa mwenyewe huko Akhera.

Kurani inazo habari mbili zinazohusika hapa zaidi kuliko zinavyotajwa. Katika Sura ya Al-Aaraf wamo watu wa mji ulio kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato, ambao samaki waliwajia siku hiyo kwa wingi na kuadimika siku nyingine. Wafasiri wanaeleza kwamba waliweka mitego kabla ya Sabato na kuichukua baada yake, ili mkono usiguse samaki siku iliyokatazwa. Kwa watu wa Juani, ambao wengi wao huishi kwa nyavu na madema na wanajua kwamba dema huvua mwenyewe akiwa amelala, hoja ya watu wale haihitaji kuelezwa, na udhaifu wake pia hauhitaji. Katika Sura ya Al-Qalam wamo wenye bustani walioapa kuvuna alfajiri kabla maskini hawajaamka. Hawa hawakuvunja sheria yoyote ya umbo, kwani mwenye shamba huvuna saa aitakayo. Walichofanya ni kuchagua saa kwa lengo la kumkosesha mwenye haki haki yake.

Hata hivyo kusema tu kwamba nia mbaya huharibu jambo hakumsaidii mwenye nyumba, kwa sababu karibu kila anayepanga kodi yake ana nia ya kuipunguza, na kama nia hiyo peke yake ingetosha kumtia hatiani, basi hata anayehifadhi stakabadhi za fundi ili aoneshe gharama zake angekuwa mwenye hila. Kipimo kinachofaa zaidi kimo katika kanuni nyingine ya fikihi, isemayo kwa maana yake kwamba manufaa ya kitu huandamana na dhamana yake: anayekula faida ya mali ndiye anayebeba hasara ikiungua, ikiibwa au ikishuka thamani. Kwa kanuni hii, mpango wa kodi ni wa haki pale mwenyewe anapoyabeba kwa ukweli maumivu ya umbo alilolichagua, na ni hila pale anapolitaka umbo kwa ajili ya nafuu yake huku akiwa amejiwekea mlango wa nyuma wa kukwepa mzigo wake. Mnunuzi wa bei khiyar alitaka pango la mwenye shamba bila hatari za mwenye shamba, kwani fedha yake ilikuwa irudi kamili hata kama mikarafuu ingekauka. Hilo, zaidi ya jina la mkataba, ndilo lililomfanya kuwa mla riba.

Kipimo hiki kikiwekwa juu ya mbinu za kawaida za wenye nyumba, hutoa majibu ambayo si ya upole wala si ya ukali wa kupita kiasi. Mume anayeandikisha nyumba kwa jina la mkewe ili pango ligawanyike na kila mmoja akae kwenye kiwango cha chini cha kodi amefanya jambo linaloruhusiwa na Uislamu, ambamo mali ya mke ni yake peke yake. Lakini kwa Mashafii hiba, yaani zawadi ya mali, haitimii mpaka aliyepewa akabidhiwe, na kukabidhiwa nyumba maana yake ni mke kupokea pango, kuchagua mpangaji na kuweza kuiuza mumewe asipende. Mume asiyeweza kuivumilia siku hiyo hakutoa kitu. Sheria ya nchi, kwa njia yake, imefika karibu na hapo, kwani humpa Kamishna wa kodi uwezo wa kuurekebisha mpango unaohamisha mapato kati ya jamaa ikiwa lengo lake ni kupunguza kodi.

Hali ya benki za Kiislamu ni nzito zaidi. Tangu Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011, Mwislamu wa Tanzania ameweza kuikwepa riba ya wazi bila kukimbilia ng'ambo. Katika murabaha benki hununua nyumba kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu inayolipwa kwa vipindi; katika ushirika unaopungua benki na mteja humiliki nyumba pamoja, na mteja hulipia pango la sehemu ya benki huku akiinunua kidogo kidogo. Njia hii ya pili ndiyo inayoelekea zaidi kwenye kanuni ya dhamana, ikiwa kweli benki hubeba sehemu yake ya hasara nyumba ikibomoka, na murabaha hupita kwenye kipimo ikiwa benki iliimiliki nyumba kwa hatari yake, hata kama ni kwa saa chache. Inapotokea kwamba kila hatari imerudishwa kwa mteja kupitia vifungu vya pembeni, bei khiyar imerudi na joho jipya. Upande wa kodi una ukali wake hapa: uaminifu wa mauzo mawili huleta ushuru wa mauzo mawili, na Uingereza ililazimika mwaka 2003 kuondoa ushuru huo wa stempu uliokuwa ukilipwa mara mbili, kwa sababu mnunuzi Mwislamu alikuwa akiadhibiwa kwa kuifanya kweli biashara ambayo wengine huifanya kwa jina la mkopo. Anayekubali gharama hiyo ya ziada kwa ajili ya dini yake amekwishathibitisha kwamba hakutafuta nafuu peke yake.

Historia ya kodi katika pwani hii ina mfano unaofaa kutofautishwa na hayo. Wajerumani, ambao Mafia iliingia mikononi mwao mwaka 1890, walianza mwaka 1898 kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao, kwa kawaida rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Katika Afrika Mashariki, kodi ya namna hii ilipowekwa, mara nyingi watu waliitikia kwa kujazana katika vibanda vichache zaidi, na watawala walilalamika kwamba wanadanganywa. Kwa kanuni ya dhamana hawakudanganywa, kwa kuwa familia mbili zilizolala chini ya paa moja ili zilipe kodi moja zililipa pia joto, kelele na kukosa stara. Miaka ya 1930, kwa upande mwingine, mmoja wa wenye nyumba wakubwa wa London, Duke wa Westminster, alibadili mishahara ya watumishi wake kuwa malipo ya ahadi ya kisheria ambayo yalipunguza kodi yake, na mahakama ya juu ya Uingereza ikamkubalia, kwa hoja kwamba kila mtu ana haki ya kuyapanga mambo yake ili kodi iwe ndogo. Mtunza bustani aliendelea kufanya kazi ileile na kupokea fedha ileile. Kwa karatasi, Duke alikuwa amejifunga kulipa hata kama mtumishi angeacha kazi, na kama kweli angelilipa siku hiyo bila kunung'unika, kanuni ya dhamana ingemtetea. Hukumu nyingi za baadaye zilizouzunguka uamuzi huo zinaonyesha kwamba majaji wenyewe walikuja kutilia shaka ahadi za aina hiyo.

Linabaki pingamizi ambalo mtu wa dini hulitoa mapema kuliko mwanasheria: ikiwa hadithi zimewalaani watoza ushuru wa dhuluma, kwa nini kodi ya serikali ichukuliwe kuwa haki ya mtu inayoweza kudhulumiwa kwa hila? Jibu la al-Ghazali, alilolirudia baadaye al-Shatibi wa Andalusia, ni kwamba mtawala ambaye hazina yake haitoshi kwa maslahi ya lazima anaweza kuwatoza wenye uwezo kiasi cha kutosheleza. Jibu hilo lina masharti, nayo si mapambo: haja ya kweli, uadilifu wa kugawa mzigo, na fedha kutumika pale iliposemwa. Mkazi wa Juani anayengojea boti ya kumfikisha hospitali ana haki ya kuuliza kama masharti hayo yametimia. Lakini anayeamini kwamba hayakutimia anapaswa kuipinga kodi kwa uwazi, si kuikubali kwa karatasi huku akiitoroka kwa karatasi nyingine, kwa sababu njia ya pili humtaka aseme jambo asilolimaanisha.

Swali hili hufika mwisho wake wa vitendo siku mwenye nyumba anapokufa, kwani sheria ya Kiislamu huamuru madeni yalipwe kabla ya mirathi kugawanywa, na msimamizi wa mirathi huulizwa na benki juu ya mkopo, na Mamlaka ya Mapato juu ya kodi, na warithi juu ya kila kitu. Hapo nyumba iliyoandikishwa kwa jina la mke ili kupunguza kodi lazima ipewe jina moja. Ikiwa hiba ilikuwa ya kweli, watoto wa mke mwingine hawana sehemu ndani yake na mjane haigawi. Ikiwa haikuwa ya kweli, inarudi katika mali ya marehemu, pamoja na kodi ya miaka yote ambayo pango lake lilihesabiwa kuwa la mtu mwingine, na kadhi atakayeombwa kuamua hatakuwa na ushahidi mwingine isipokuwa kuangalia ni nani, kwa miaka hiyo, aliyepokea fedha kutoka mkononi mwa mpangaji na ni nani aliyelipia bati lilipong'olewa na kusi.